"Mtundu wa Nini?": Neno Linalosifu na Kulaumu kwa Pamoja

Mwishoni mwa muhula uliopita, mpwa wangu anayesoma darasa la nne alirudi nyumbani na taarifa yake ya maendeleo, na katika nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa yalikuwamo maneno matatu tu: "Ni mtundu sana." Shemeji yangu, mzaliwa wa Mombasa, aliyasoma, akakunja uso, akamwita mtoto na kumtaka aeleze alichokuwa akikifanya shuleni. Dada yangu, ambaye alikulia nami Morogoro, aliyasoma maneno yale yale akatabasamu, kwa kuwa kwake yalikuwa pongezi: mwanawe ana akili inayochemka. Mama yetu, bibi wa mtoto, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, na baada ya kuwasikiliza wakibishana kwa muda aliinua uso akauliza, "Mtundu wa nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mabishano ya namna hiyo nimeyasikia katika vikao vya wazazi, katika vipindi vya redio vinavyojadili malezi, na hata kazini, pale mtu anapoambiwa na mkubwa wake kwamba ni mtundu akashindwa kujua kama ashukuru au ajitetee. Neno hili lastahili kufafanuliwa kwa utulivu, kwa sababu kwa ajili yake watoto huchapwa na watoto husifiwa, na mara nyingine tendo lenyewe huwa ni lile lile.

Tuanze na umbo. Mzizi wake ni -tundu, kivumishi cha kawaida kinachopokea viambishi vya ngeli ya jina linalosifiwa: mtoto mtundu, watoto watundu, kitoto kitundu. Kutokana na mzizi huo tunapata jina la hali, utundu, ambalo halina wingi. Kwa maana yake ya msingi, utundu ni hali ya mtu, hasa mtoto, kutotulia mbele ya kitu au jambo ambalo hakuambiwa aliguse, na kuligusa kwa sababu anataka kujua, anataka kucheza, au anataka kuona mwenzake atafanya nini. Ndani ya maelezo hayo mna mambo yanayokwenda pamoja. Kwanza kuna mwili au akili isiyokaa kimya. Kisha kuna mpaka mdogo unaovukwa, kama vile katazo la mzazi, utaratibu wa darasa au mlango uliofungwa. Na juu ya yote kuna nia isiyo ya kuumiza. Likikosekana hilo la mwisho, Kiswahili kina maneno mengine yanayosubiri, nasi tutayafikia.

Mfano ambao wasomaji wengi wa rika langu wanaukumbuka ni wa redio. Mtoto husikia watu wakizungumza na kuimba ndani ya sanduku, hujiuliza watu hao wanaingiaje humo na wanakula nini, kisha siku wazazi wakiwa shambani au sokoni hutafuta bisibisi, na kama hakuna bisibisi hutumia ncha ya kisu, akaifungua redio ya baba mpaka waya wa mwisho. Hakutaka kumkomoa baba yake. Alitaka kuwaona wale watu. Baba anaporudi na kukuta redio imelazwa vipande vipande sakafuni, hasara ni ya kweli na hasira yake ina haki, lakini akiwasimulia wenzake jioni atasema "yule mtoto ni mtundu", na kicheko kitafuata nyuma ya malalamiko. Kicheko hicho kimo ndani ya neno lenyewe, na ndicho kinachoufanya utundu kuwa kosa linalosimuliwa kwa mapenzi.

Kabla ya kwenda mbele, inafaa tuondoe dhana moja iliyoenea. Wapo wanaoamini kwamba mtundu ametokana na tundu, yaani uwazi au kitobo, kwa hoja kwamba mtoto wa namna hiyo hupenda kutoboa na kuchungulia. Hoja inapendeza masikioni, lakini kufanana kwa sauti hakutoshi kuthibitisha undugu wa maneno. Kiswahili kimejaa maneno yanayofanana kwa umbo bila kuhusiana kwa maana: paa ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitendo cha kwenda angani; kaa ni kiumbe wa pwani, ni kipande cha moto, na ni kitendo cha kuketi. Tundu lenye maana ya uwazi, pamoja na tundu la kuku na tundu la sindano, ni jina lenye wingi wa matundu, na ndilo tunalolikuta katika taarifa za shule zinapohesabu matundu ya vyoo. Kivumishi -tundu kina njia yake. Kama tungekubali kila mfanano wa sauti kuwa ni ukoo, ingetubidi tumwingize humo hata mtu anayetundika shati kwenye kamba. Mkanganyiko hutokea zaidi pale kivumishi kinapoambatana na jina la ukubwa, kwa kuwa husemwa "toto tundu", na hapo sauti ya kivumishi hulingana kabisa na ya jina. Hata hivyo, msikilizaji hababaiki, kwa maana hakuna anayefikiri kwamba mtoto huyo ana kitobo.

Ugumu wa kweli uko kwa majirani wa neno hili. Katika mazungumzo ya kila siku watu huchanganya mtundu, mtukutu, mchokozi, mkorofi na mjuvi kana kwamba yote ni sare za shule moja, ilhali kila moja lina uzito wake. Mtukutu ni yule ambaye mwili wake hautulii, na neno lenyewe lina undugu na kitenzi tukuta, yaani kuhangaika na kutikisika bila kutulia. Mtoto anayeruka juu ya kochi, akashuka, akazunguka meza, akapanda tena, ni mtukutu hata kama hajagusa kitu cha mtu. Mchokozi anamhitaji mtu wa pili, kwa sababu uchokozi hauna maana bila anayechokozwa: ni yule anayemvuta mwenzake nywele kisha akageukia ubao kana kwamba hakufanya lolote. Mkorofi amekwenda mbali zaidi. Yeye huharibu mambo, huleta ugomvi mahali palipokuwa na amani, na kitenzi cha jamii yake, kukorofisha, hutumika hata kwa mipango iliyoharibika na ndugu waliokosana. Mjuvi naye ametoka katika kitenzi jua, lakini amekuwa mtu anayejitia kujua mbele ya wakubwa na kujibu asipoulizwa. Hapo tunaona kwamba lugha yetu imeweza kulichukua hata neno la elimu na kuligeuza lawama.

Njia ya kutofautisha majirani hawa ambayo mimi huiamini kuliko zote ni kuwatia katika sentensi moja yenye neno "lakini". Sema: "Ni mtundu lakini ana adabu." Sentensi inasimama, tena ni ya kawaida kabisa, na bila shaka umewahi kuisikia kutoka kwa mama anayemsifu mtoto wa jirani. Sema: "Ni mtukutu lakini ana adabu." Nayo inasimama. Sasa sema: "Ni mkorofi lakini ana adabu." Sikio linakataa, kwa kuwa ukorofi wenyewe ni ukosefu wa adabu. "Ni mjuvi lakini ana adabu" inakataliwa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo wazungumzaji wa Kiswahili, hata wasiowahi kufungua kamusi, wanajua moyoni kwamba utundu na adabu vinaweza kukaa katika mtoto mmoja. Mwalimu anayeandika "mtundu" akikusudia "hana adabu" ametumia neno lisilobeba kusudi lake, na mzazi anayesoma "mtundu" akamchapa mwanawe kwa utovu wa adabu amempa neno mzigo ambalo halikuubeba.

Sasa turudi kwa swali la mama yangu, kwa sababu ndani yake mna ufunguo. Ukisema "fulani ni mtundu" na ukanyamaza, msikilizaji hulichukua neno kwa maana ya kwanza, ya kutotulia na kuvuka mipaka. Ukisema "fulani ni mtundu wa kompyuta", "mtundu wa kutengeneza vitu" au "mtundu wa mapishi", maana imegeuka palepale na kuwa ustadi: mtu anayejaribu njia ambazo wengine hawakuzifikiria, anayekipata kitu kwa vifaa alivyo navyo, asiyekubali jibu la kwanza. Kilicholigeuza ni kile kihusishi kidogo cha "wa". Jaribu kufanya hivyo kwa majirani zake uone. Hakuna anayesema "mkorofi wa kompyuta" kwa kumsifu fundi, wala "mtukutu wa mapishi". Kati ya maneno yote ya kundi hili ni mtundu pekee anayepewa uwanja wa kuonyesha ufundi wake.

Njia hii ya kuligeuza neno si ngeni. Kivumishi -kali kimepita hapo hapo: "mwalimu mkali" ni mwalimu wa kuogopwa, bali "mkali wa hesabu" ni mwanafunzi wa kuonewa fahari. Watangazaji wa mpira humwita mshambuliaji "hatari" na "balaa" kwa kumtukuza, na winga msumbufu kwa mabeki huitwa "machachari" au "mtukutu" na mashabiki wake hufurahi. Kinachosumbua upande mmoja ni raha ya upande mwingine. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba kumsifu mtu kwa utundu ni kuharibu Kiswahili, na kwamba neno hili ni la lawama peke yake, wanasahau kwamba lugha yetu ina mazoea ya kuchukua maneno ya hofu na usumbufu na kuyafanya ya heshima, mradi msikilizaji aambiwe ni katika jambo gani.

Hapa pia ndipo kunapoeleweka kutoelewana kwa dada na shemeji. Kwa kadiri ninavyosikia, Tanzania bara maana ya ubunifu imekuwa na nguvu kiasi kwamba baadhi ya wazungumzaji huitaja bila hata ya "wa", na maneno "ubunifu na utundu" hutajwa pamoja kama mapacha. Mjini Mombasa na katika shule nyingi za Kenya, mtundu asiyefuatwa na chochote bado ni mtoto wa kuitiwa mzazi. Wote wawili walisoma Kiswahili sahihi.

Kwa nini ustadi na usumbufu vikae katika neno moja? Jibu langu ni kwamba vina mzizi mmoja wa tabia, na sijui kisa kinachoonyesha hivyo vizuri kuliko cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika sehemu ya kugandishia ya friji, na nafasi zilikuwa chache kuliko watengenezaji. Siku moja mwenzake, alipoona nafasi zinakwisha, aliyaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba alikuwa amekwisha kuyachemsha ya kwake, na akajua kwamba akisubiri yapoe atakosa trei ya mwisho. Akayaweka yakiwa ya moto, huku akijua kwamba huenda akaiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu walirudi wakakuta ya Mpemba yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Tazama jinsi tendo lile lilivyo. Utaratibu ulikuwapo naye akauvuka. Mali ya shule ilikuwa hatarini naye alijua. Hakukusudia kumwumiza mtu. Huo ni utundu kwa maana ya kwanza kabisa, na kama friji ingeharibika angeitwa mtundu kwa sauti ya ukali na huenda angeadhibiwa. Lakini mvulana huyo hakuishia kula aiskrimu yake. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Shule ya Mkwawa, Iringa, na mwalimu huko akamjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, haikuwa fizikia inayojulikana na ulimwengu, na kuanzia hapo wenzake wakawa wakimtania kila alipokosea swali. Hata hivyo alijaribu tena mwenyewe, safari hii kwa maji katika maabara. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alisimama na kumwuliza swali lile lile mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha maelezo yao katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba mpaka leo, na wanafizikia bado wanabishana juu ya chanzo chake na hata juu ya masharti yanayolifanya litokee.

Utundu wa kwanza na utundu wa pili, kwa hiyo, ni hatua mbili za safari moja. Ile hatua ya kwanza ni kuligusa lisiloguswa. Ya pili ni kukaa nalo mpaka litoe jibu. Watoto wengi huifikia ya kwanza. Wachache hupata muda, vifaa na mtu mzima mmoja asiyecheka, wakafika ya pili.

Kisa hicho, hata hivyo, kisitumiwe kuthibitisha dhana nyingine ambayo naiona ikienea siku hizi, kwamba kila mtoto mtundu ni mtaalamu anayesubiri kukua. Mtoto anaweza kuwa mtundu na akawa na akili ya kawaida, na mtoto mtulivu anayekaa kwenye kona akichora anaweza kuwa na akili inayovuka mipaka mingi bila kuvunja sahani hata moja. Tumezoea kuutafuta utundu mikononi na miguuni, kwa hiyo tunaukosa unapokuwa kichwani.

Tunaukosa pia kwa wasichana, na hili linaniuma kulisema. Mvulana akipanda mwembe wa jirani husemwa ni mtundu, watu wakatikisa kichwa na kucheka. Msichana akipanda mwembe ule ule huambiwa hajatulia, huitwa jikedume, na mama yake huulizwa anamlea vipi. Tendo ni moja, mwembe ni mmoja, ila mmoja amepewa neno lenye kicheko ndani yake na mwingine amenyimwa. Ninapowauliza wanawake wa rika langu waliokuja kuwa mafundi, wahandisi au wapishi wa sifa kama waliwahi kuitwa watundu walipokuwa wadogo, wengi wao hutaja maneno mengine, makali zaidi.

Upande wa pili kuna wazazi wanaohofu kwamba mtoto mtundu ni mgonjwa. Ni kweli kwamba madaktari wanaitambua hali, inayojulikana kwa kifupi cha ADHD, ambayo humfanya mtoto ashindwe kutulia, kuzingatia au kujizuia, na tofauti yake na utundu wa kawaida ni ya kuangaliwa kwa makini. Mtoto mtundu hutulia akipata kinachomvutia: mpe waya, visoda na kandambili kuukuu atengeneze gari, na utamwona akikaa saa nzima bila kuinua kichwa. Mtoto mwenye hali hiyo mara nyingi hushindwa kujizuia hata pale anapotaka mwenyewe, na dalili zake huonekana mahali pawili au zaidi, nyumbani na shuleni pia, kwa miezi mingi, tangu utotoni. Wala saa moja ya utulivu haitoshi kuiondoa shaka, kwa kuwa hata yeye huweza kuzama katika jambo alipendalo. Anayeweza kuamua ni mtaalamu wa afya. Neno la mwalimu kwenye taarifa ya maendeleo haliwezi kuwa cheti cha ugonjwa, wala fimbo haiwezi kuwa dawa yake.

Sasa tuingie mahali ambapo neno hili hutumiwa vibaya kwa namna inayonikera kuliko zote, nayo ni pale linapofanywa pazia. Kundi la wanafunzi linamvua mwenzao kaptula mbele ya darasa, na mkubwa anasema "ni utundu tu wa watoto". Kijana anampigia binti wa watu simu za vitisho usiku, na ndugu zake wanasema "alikuwa akifanya utundu". Mtu anamrukia bibi kizee barabarani na nyoka wa plastiki huku mwenzake akirekodi kwa simu, bibi anaanguka, na video inasambazwa kwa jina la utundu. Katika visa vyote hivi, yule aliyetendewa hakucheka. Tumekwisha kusema kwamba utundu hauna nia ya kuumiza. Lazima tuongeze kwamba gharama yake ni ndogo na inafidika, na aliyelipa gharama hiyo huweza kuja kuisimulia kwa kicheko. Baba wa redio huisimulia. Mtoto aliyevuliwa nguo hasimulii. Huo ni uonevu na udhalilishaji, na Kiswahili kina maneno hayo wazi, hakihitaji kuazima la upole.

Wazee waliliona hilo waliposema "mzaha mzaha hutumbua usaha". Hata utani, ambao katika jamii zetu umeruhusiwa kuvuka mipaka mingi, una sheria zake: Mpare na Mchaga wanaweza kusemana maneno ambayo kwa mtu baki yangeleta ugomvi, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba mwenzake ni mtani na kwamba naye zamu yake ya kusema itafika. Uhuru huo unakwenda pande zote mbili. Anayefanyiwa "utundu" asiweze kujibu yuko nje ya utani na nje ya utundu pia.

Sheria nazo zinausogelea mpaka huo kwa njia yake. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa tendo lake halifai. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliupandisha umri huo kutoka miaka 8 hadi 12. Mtu mzima hana kinga hiyo, na hapa nawaonya hasa vijana wanaojiita watundu wa kompyuta. Kufungua kompyuta yako mwenyewe na kuijaribu mpaka ikulipukie ni utundu wa aina ya Mpemba. Kuingia katika akaunti au mfumo wa mtu mwingine bila ruhusa, hata kama hukuchukua kitu na ulitaka kuona tu, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya namna hiyo ya mwaka 2018. Hakimu hatauliza kama ulikuwa ukicheza.

Imebaki maana moja ambayo makala ya heshima huwa yanairuka, lakini kuiruka ni kumwacha msomaji gizani. Katika maongezi ya watu wazima kuhusu unyumba, mtundu ni mwenza mwenye ubunifu faraghani, na maana hiyo imetoka moja kwa moja katika ile ya ustadi. Kati ya mke na mume haina ubaya wowote. Tatizo huja pale mwanamume anapomwambia mwanamke asiye na uhusiano naye, kazini au kwenye daladala, "wewe unaonekana mtundu", kisha akijibiwa kwa ukali anajitetea kwamba alimsifu kwa akili. Hakuna mtu anayeupima ubunifu wa mtu mwingine kwa kumtazama tu, na mwanamke aliyelielewa neno kama dokezo amelielewa sawasawa. Sifa ya ustadi husemwa pamoja na ustadi wenyewe: mtundu wa mahesabu, mtundu wa kupanga ratiba. Likiachwa bila kitu nyuma yake, baina ya watu wazima wasiozoeana, neno hili halina usalama.

Wiki moja baadaye nilimsindikiza dada yangu shuleni. Mwalimu wa darasa, mama mpole wa makamo, alitueleza kwamba saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu mwanzo wa muhula, na mpwa wangu alipanda juu ya dawati wakati wa mapumziko, akaishusha, akagundua kwamba kichuma cha kushikia betri kimelegea, akakikaza kwa karatasi ya fedha iliyotoka kwenye pakiti ya biskuti. Saa ikaanza kwenda. Siku tatu baadaye mtoto huyo huyo akaisogeza mbele kwa nusu saa, na darasa zima likatoka kwenda kula kabla ya wakati. Mwalimu alisema alikaa na kalamu mkononi kwa muda akitafuta namna ya kuyaandika hayo yote katika mstari mmoja uliokuwapo kwenye fomu, akaona neno linaloyabeba yote ni lile moja.

Tulirudi nyumbani tukamweleza mama. Aliuliza kwanza kama saa bado inakwenda, nasi tukamwambia kwamba inakwenda. "Basi hiyo saa ndiyo angeiandika," akasema, akarudi kwenye mchele wake. Shemeji aliichukua ile fomu, na chini ya neno la mwalimu, mahali pa saini ya mzazi, akaongeza kwa mkono wake: "wa saa".